Kitabu Kinachozungushwa: Niliyojifunza kwa Cosmographia ya Petrus Apianus

Vitabu vingi vya karne ya 16 vinavyofika mezani kwangu viliandikwa visomwe. Hiki kiliandikwa kizungushwe. Ukifungua Cosmographicus liber, ambacho wengi wetu kazini tunakiita Cosmographia tu, unakuta katikati ya maandishi ya Kilatini maduara ya karatasi yaliyopangwa moja juu ya jingine na kushikwa kwa uzi. Unayasogeza kwa kidole ili upate jibu: jua liko wapi angani leo, usiku huu ni saa ngapi, mji huu na ule wanapishana saa kiasi gani. Nimeishi na nakala zake kwa miaka kadhaa, na karibu kila ninachokiamini kuhusu kazi yangu kimetoka humo.

Mimi ni mkarabati wa vitabu vya kale katika maktaba moja nchini Ubelgiji. Ujalidi niliuanzia Tanga, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, nikishona vitabu vya stakabadhi na kubandika migongo ya madaftari. Nilipohamia huku nilidhani kitabu cha miaka mia tano kitakuwa kinamomonyoka ukikigusa. Sivyo kabisa. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyopondwapondwa majini, na mpaka leo unaikunja haivunjiki. Kinachonitesa ni vitabu vya mwisho wa karne ya 19, vya karatasi ya mbao yenye asidi, ambavyo kurasa zake hukatika kama biskuti.

Aliyekitunga, Petrus Apianus, alizaliwa mwaka 1495 mjini Leisnig, Saxony, Ujerumani ya leo, kwa jina la Peter Bienewitz. Alisoma Leipzig na Vienna, akachora ramani ya dunia mwaka 1520 ambayo ni miongoni mwa za mwanzo kuandikwa jina la America, na mwaka 1524 kitabu chake kikachapwa Landshut, Bavaria. Baadaye akawa profesa wa hisabati Ingolstadt, na huko mwaka 1540 akatoa kitabu kingine, Astronomicum Caesareum, alichomtunukia Kaizari Charles wa Tano. Hicho ni kikubwa, kimepakwa rangi kwa mkono, ni cha fahari. Makumbusho hukionyesha kwenye kabati la kioo na watu hupiga foleni kukitazama. Mimi moyo wangu uko kwa hiki kidogo, kinachoshikika kwa mkono mmoja, ambacho mwanafunzi, nahodha au fundi wa vyombo vya kupimia aliweza kukinunua akaondoka nacho.

Kilichokipa kitabu hiki maisha marefu ni kijana mmoja wa Friesland, Uholanzi ya leo, Gemma Frisius. Alitoka familia maskini, alifiwa na wazazi akiwa mdogo, na miguu yake ilikuwa dhaifu tangu utoto. Mwaka 1529, akiwa na umri wa miaka kama ishirini, alikisahihisha kitabu cha Apianus na kukitoa upya Antwerp. Kuanzia hapo wachapaji wa Antwerp hawakukiachia. Kilitoka kwa Kilatini, Kiholanzi, Kifaransa na Kihispania, toleo baada ya toleo, hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa hiyo si kwamba vilichapwa vichache. Kilicho adimu ni nakala ambayo maduara yake yote yapo, yanazunguka, na hakuna aliyenyofoa ramani yake akaenda kuiuza peke yake.

Nikueleze maduara yalivyofika humo, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Sehemu zinazozunguka zilichapwa kwenye karatasi ya pembeni, zikiwa bado hazijakatwa. Mjalidi, au mwenye kitabu mwenyewe, alichukua mkasi, akakata, akatoboa katikati, akapitisha uzi na kufunga fundo kwa nyuma. Ndiyo maana hakuna nakala mbili zinazofanana. Kwenye moja unakuta aliyekata alikuwa na mkono mtulivu na duara lake ni safi kama limepigwa bikari. Kwenye nyingine mkasi umeyumba, kipande cha mizani ya digrii kimeliwa, na mwenyewe akakirudishia kwa kalamu. Mtunzi alikiachia kitabu kikiwa nusu, msomaji akakimalizia kwa mikono yake.

Siku za mwanzo maktaba ilinipa nakala mbili nizichunguze pamoja. Moja ilikuwa nyeupe, imejalidiwa upya kwa ngozi nyekundu na mkusanyaji fulani wa zamani, kingo zimepakwa dhahabu. Ya pili ilikuwa na jalada la ngozi ya ndama lililolegea, kona za chini za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole, na kwenye ukurasa wa kifaa cha kutambulia saa za usiku palikuwa na tone la nta ya mshumaa. Nilijua ipi ingeleta bei mnadani. Lakini kadiri siku zilivyokwenda niliona ile nyeupe haikuwa na la kuniambia zaidi ya kilichochapwa. Maduara yake hayakuwahi kuzungushwa, tundu la katikati lilikuwa dogo na kali kama siku lilipotobolewa. Ile iliyochakaa ilinionyesha mtu. Tundu lake lilikuwa limepanuka upande mmoja, maana aliyelizungusha alikuwa akisukuma kwa kidole kilekile kila mara. Pembeni mwa orodha ya miji na vipimo vyake mtu mwingine, kwa wino ambao sasa umekuwa wa kahawia, alikuwa ameongeza miji ambayo Apianus hakuiweka. Na ile nta ilikuwa palepale ambapo ungeitarajia kama mtu alisimama nje usiku na mshumaa, akitafuta nyota.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: uchafu wa matumizi ni sehemu ya kitabu. Vumbi naliondoa, kuvu nalipiga vita, kutu ya pini siivumilii. Kutu hasa, kwa sababu kuna waliowahi kung'oa uzi uliokatika wakaweka pini ya chuma badala yake, na chuma kinakula karatasi polepole mpaka katikati ya duara panabaki pete ya rangi ya chungwa inayodondoka. Lakini alama za vidole na tone la nta haviumizi kitu, na ukivifuta umefuta ushahidi pekee kwamba mtu huyo aliwahi kuishi.

Ukarabati wenyewe ni kazi ya subira. Unaanza kwa brashi laini. Unaangalia kwa kioo cha kukuzia kama wino unashika. Gundi tunapika ya wanga wa ngano, tunaichuja mpaka iwe laini kama uji wa mtoto mchanga, kwa sababu gundi hiyo mtu mwingine akija baada ya miaka mia anaweza kuilainisha kwa maji na kuitoa. Tundu lililochanika tunaliimarisha kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba kiasi kwamba ukiilaza juu ya maandishi bado unasoma, lakini nyuzi zake ni ndefu na ngumu kuchanika. Unaichana kwa mkono badala ya kuikata kwa kisu, ili kingo zake ziwe na manyoya yanayojishika kwenye karatasi ya zamani. Halafu unangoja. Ikikauka vibaya, duara linapinda na halizunguki tena, na duara lisilozunguka kwenye kitabu hiki ni sawa na sentensi iliyokatwa.

Niliwahi kupokea nakala ambayo mtu wa zamani, kwa nia njema bila shaka, aliyabandika maduara yote kwa gundi yasipotee. Ilituchukua muda mrefu kuyabandua kwa unyevu kidogo kidogo. Siku lile la juu lilipojinasua na kuzunguka, mkuu wetu wa chumba, mama mmoja Mflemi asiye na maneno mengi, aliniambia, "Haya, sasa kiulize kitu." Nikauliza tarehe ya siku ile jua liko kwenye buruji gani. Kikajibu, na kwa tofauti ya siku kama kumi kilikuwa sahihi. Hizo siku kumi si kosa la karatasi: kalenda waliyotumia wakati ule ni ya Julius, na ile tunayoitumia sisi ilikuja mwaka 1582 kwa kuruka siku kumi.

Kuna ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Apianus anataka kumwonyesha msomaji kwamba dunia ni mviringo, na anatumia kupatwa kwa mwezi. Amechora jua, dunia na mwezi uliofunikwa na kivuli. Juu, dunia ni tufe na kivuli chake ni cha duara. Chini yake anauliza: je, dunia ingekuwa mraba? Basi kivuli kingekuwa cha mraba. Pembetatu? Cha pembetatu. Pembe sita? Hivyohivyo. Nawe umeuona mwezi ukipatwa, umeona ukingo wa kivuli ulivyo. Michoro minne ya kuchongwa kwenye mbao, na hoja imekwisha. Sijaona mwalimu aliyefundisha jambo hilo kwa ufupi na heshima kubwa kiasi hicho kwa akili ya mwanafunzi.

Ukurasa mwingine ulinichekesha kwa furaha, kwa sababu nilijiona nimerudi dukani kwa muuza vitambaa. Vipimo vyake vinaanzia mwilini: punje nne za shayiri ni kidole kimoja, vidole vinne ni kiganja, viganja vinne ni futi, futi tano ni hatua, na anapanda hivyo mpaka kwenye maili za Kijerumani, 15 kwa kila digrii moja ya mzunguko wa dunia. Digrii 360 zinakupa maili 5,400 kuizunguka dunia yote. Anayejua shibiri, dhiraa na pima hahitaji kuelezwa mara mbili. Mtu anaweza kutoka kwenye punje ya shayiri mpaka kwenye dunia nzima bila kupita kifaa chochote asichokuwa nacho nyumbani.

Jambo lililowapa shida wenzangu, mimi halikunipa shida, nalo ni saa. Wakati wa Apianus kila nchi ya Ulaya ilihesabu saa zake. Italia walihesabu tangu jua linapozama. Nuremberg, ambayo haiko mbali na Ingolstadt, walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza na za usiku tangu linapozama. Wenzangu walikuwa wakichora majedwali kulielewa hilo. Mimi nilikaa nikatabasamu, maana ndiyo saa ninayoijua tangu utoto: jua likichomoza unaanza moja, likizama unaanza moja tena. Tofauti iko kwenye latitudo. Kwetu karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribia kuwa sawa mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, kwa hiyo hesabu yetu haiyumbi. Nuremberg wakati wa kiangazi mchana ulifika saa 16 na usiku ukabaki na 8, na majira ya baridi kinyume chake, ikabidi wabadilishe hesabu mara kwa mara ndani ya mwaka. Hapo nilielewa kwa nini watu wa kaskazini walihitaji maduara mengi hivi ya karatasi.

Gemma naye aliongeza mambo yake. Mwaka 1530, kwenye kitabu kingine, aliandika jinsi ya kupata longitudo kwa saa inayobebeka: unapoondoka, tega saa yako sawasawa na mji unaotoka, ukifika, tafuta saa ya hapo kwa jua au nyota, linganisha. Kila saa moja ya tofauti ni digrii 15. Wazo lilikuwa kamili, ila saa za wakati ule ziliyumba mno, na ilipita zaidi ya miaka mia mbili ndipo John Harrison wa Uingereza akatengeneza saa ya kuvumilia safari ya baharini. Nimelijaribu wazo hilo kwa nyumbani. Antwerp iko kama digrii 4.4 mashariki, Tanga kama 39.1. Tofauti ni 34.7, na kwa dakika nne kila digrii unapata saa mbili na dakika kama 19. Saa ya serikali inasema mbili wakati wa baridi na moja wakati wa kiangazi. Jua linasema mbili na dakika 19 mwaka mzima. Kila ninapopiga simu nyumbani naikumbuka hesabu hiyo.

Toleo la Antwerp la mwaka 1533 lina kijitabu cha Gemma kilichoambatishwa, kinachoeleza namna ya kupima nchi kwa pembetatu. Unapanda mnara, unapima pembe ya kila mji unaouona. Unakwenda mnara wa pili, unapima tena. Mistari inapokutana ndipo mji ulipo, bila kuukanyaga. Mfano wake ulitumia Antwerp na Brussels. Nilikisoma mara nyingi bila kuridhika, mpaka nilipopanda mnara wa Kanisa la Mtakatifu Rumbold mjini Mechelen. Ngazi ni 538 na zinazunguka mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Juu, siku ya hewa safi, Antwerp iko mgongoni na Brussels iko mbele, na nchi katikati ni bapa kama meza. Hapo nikajua kwa nini wazo hilo lilizaliwa huku: nchi isiyo na milima, yenye mnara kila mji. Kwenye safu za Usambara angelazimika kuwaza njia nyingine.

Kaka yangu anafundisha jiografia sekondari Tanga. Nilimpelekea nakala za maduara zilizochapwa kwenye karatasi ngumu kutoka kwenye picha ambazo maktaba nyingi za Ulaya zimeziweka bure mtandaoni. Picha hizo ni neema, lakini duara kwenye picha limeganda, kwa hiyo tulikata, tukatoboa, tukafunga uzi, kama mnunuzi wa mwaka 1529. Wanafunzi walilimaliza la jua upesi. Tulipofika kwenye kifaa cha saa za usiku, msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono: "Madam, hiyo nyota ya kaskazini tutaionea wapi?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyojua. Kifaa cha Apianus kinataka uichungulie Nyota ya Kaskazini kupitia tundu la katikati, kisha uelekeze mkono wa kifaa kwenye nyota za Dubu Mkubwa. Tanga iko digrii tano kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho daima. Kitabu kiliuzwa kwa watu waliokuwa wakizunguka dunia yote, na ukurasa huo unanyamaza ukivuka ikweta. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua tatizo hilo zamani. Kwa kaskazini walikuwa na kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unakisogeza kibao mpaka kijae kati ya bahari na nyota, na fundo linakwambia uko latitudo ya bandari gani. Wakishuka kusini walihamia kwenye nyota nyingine. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 ilimbidi apate rubani anayeijua bahari hiyo ili afike India.

Jioni ile mjomba wetu, aliyevua samaki maisha yake yote, alilishika duara, akaligeuza, akasema yeye alifundishwa jambo moja tu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Halafu akataka kujua kama Mzungu huyu alikuwa na Kilimia, lile kundi la nyota, kwenye duara lake. Tukakitafuta pamoja.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na kitabu kinachosema dunia iko katikati, na mbingu kumi zinaizunguka, na juu yake makao ya Mungu na wateule wake. Copernicus, aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua, alichapwa mwaka 1543, na Antwerp waliendelea kuuza maduara ya Apianus. Jibu langu ni kwamba vifaa hivi vinaeleza anga linavyoonekana kwa mtu aliyesimama ardhini, na kwa huyo hesabu ni zilezile. Isitoshe, Apianus huyuhuyu aliitazama nyota yenye mkia ya mwaka 1531 usiku baada ya usiku, akaandika kwamba mkia wake huelekea upande ulio mbali na jua, na vipimo vyake ni miongoni mwa vile mwanaanga Mwingereza Edmond Halley alivyotumia mwaka 1705 kuonyesha kwamba nyota hiyo hurudi. Mtu aliyekosea mpangilio wa ulimwengu mzima aliacha vipimo ambavyo wengine waliweza kuvitegemea.

Sasa kaka na wanafunzi wake wanachora duara lao la saa za usiku kwa Msalaba wa Kusini. Lina mipaka yake: kutoka Tanga ncha ya kusini ya anga iko digrii tano tu juu ya upeo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka Msalaba unakuwa umezama saa za jioni. Aprili hadi Julai unaonekana vizuri. Wameshapima tarehe za kwanza, na wamenitumia mchoro wenye tundu la katikati lililotobolewa kwa msumari. Nimewajibu watumie sindano nene, waweke kipande cha karatasi ngumu kwa nyuma, na uzi uwe wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, usiwe wa nailoni, kwa sababu nailoni inakata tundu.